Maboksi tofauti, dawa ileile: kuchagua dawa ya mafua na pua kuziba katika maduka ya Arusha na Moshi

Mwezi Juni unapoingia na ukungu wa Mlima Meru kushuka hadi Ngaramtoni na Sakina, maduka ya dawa ya Arusha huanza kupokea wateja wanaofanana: pua imeziba, koo linawasha, kichwa kinauma, na kila mmoja anaomba "dawa ya mafua" bila kutaja jina. Moshi mjini kuna joto zaidi, lakini wanaoshuka kutoka Marangu, Machame na Kibosho huja na malalamiko hayohayo. Muuzaji hugeukia rafu na kuweka juu ya kaunta maboksi mawili matatu, jekundu, la bluu, na jingine lenye picha ya limau, kila moja na bei yake, kisha mteja anaachiwa achague. Wengi huchagua kwa jina walilozoea kulisikia redioni, au kwa bei, wakiamini kwamba iliyo ghali ndiyo kali. Hapa tutalinganisha dawa hizo kwa kile kinachofanya kazi mwilini, yaani kiambata hai, kwa sababu ukisoma upande wa nyuma wa maboksi hayo utakuta mengi yana viambata vilevile vitatu au vinne, vilivyopangwa kwa namna tofauti na kupewa majina tofauti.

Msimamo wangu niuseme mapema. Mtu mzima mwenye mafua ya kawaida hunufaika zaidi, na huwa salama zaidi, akinunua kiambata kimoja kulingana na kinachomsumbua, kuliko akinunua kidonge kimoja chenye mchanganyiko wa kila kitu. Hakuna dawa hata moja kati ya hizi inayoua virusi vya mafua wala kufupisha ugonjwa kwa kiasi cha maana. Zote hupunguza usumbufu tu wakati mwili unapambana, na kwa kawaida mwili humaliza kazi hiyo ndani ya siku saba hadi kumi, ingawa kikohozi huweza kubaki nyuma kwa muda. Kwa hiyo swali la kujiuliza dukani ni ipi inayoondoa kero niliyonayo leo bila kuniletea kero nyingine.

Nyuma ya boksi kuna nini

Tuchukue maboksi matatu yaliyo kwenye kaunta moja. La kwanza ni Panadol ya kawaida, ambayo kila kidonge kina parasetamoli miligramu 500 na hakina kingine cha kutibu. La pili ni Panadol Extra, ambayo ina parasetamoli miligramu 500 zilezile, ila imeongezewa kafeini miligramu 65. La tatu ni kidonge cha mafua cha mchanganyiko, cha aina ambayo viwanda vingi hutengeneza kwa majina chungu nzima: parasetamoli miligramu 500 kwa mara nyingine, fenilefrini miligramu 5 au 10 ya kuzibua pua, klorofenamini miligramu 2 au 4 ya kukausha kamasi, na mara nyingine kafeini kidogo. Anayeumwa kichwa na mwili tu, bila kuzibwa pua, atapata kutoka kwenye maboksi yote matatu dawa ileile ya maumivu kwa kiasi kilekile. Tofauti iko kwenye vilivyoongezwa, na kila kilichoongezwa kina faida yake na maudhi yake.

Kafeini, kwa mfano, huongeza kidogo nguvu ya parasetamoli dhidi ya maumivu ya kichwa, lakini miligramu 65 ni chini ya zile zinazopatikana kwenye kikombe kikubwa cha kahawa iliyochujwa. Mkazi wa mikoa hii inayolima kahawa ambaye amekwisha kunywa vikombe viwili asubuhi hana sababu kubwa ya kulipia kafeini ndani ya kidonge, na akikimeza jioni anaweza kukosa usingizi ambao mgonjwa wa mafua anauhitaji kuliko dawa yoyote.

Majina ya viambata huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, au ubavuni mwa boksi baada ya maneno yanayoeleza kila kidonge kina nini, na huandikwa kwa tahajia ya kigeni: paracetamol, phenylephrine hydrochloride, chlorphenamine maleate. Neno la pili katika majina mawili ya mwisho hutaja aina ya chumvi iliyotumika kutengenezea dawa, na kwa mnunuzi halibadilishi kitu. Baadhi ya viwanda huandika chlorpheniramine badala ya chlorphenamine. Hiyo ni dawa moja. Anayejua majina hayo matatu tayari anaweza kusoma sehemu kubwa ya rafu ya dawa za mafua.

Hesabu ya parasetamoli

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na inastahili kuelezwa taratibu. Kiwango cha juu cha parasetamoli kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 4,000 kwa saa 24, sawa na vidonge vinane vya miligramu 500, na kati ya dozi moja na nyingine zipite angalau saa nne. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye mwili mdogo uliodhoofika, au anayekunywa pombe kwa wingi na mara kwa mara hatakiwi kufika huko bila kuongea na daktari.

Sasa tazama kinachotokea madukani. Mteja ananunua vidonge vya mafua vya mchanganyiko na kuandikiwa kwenye kibahasha cheupe "2×3", yaani vidonge viwili mara tatu kwa siku. Hapo amekwisha kufikisha miligramu 3,000 za parasetamoli. Kichwa hakijatulia, naye nyumbani ana Panadol, anaongeza viwili mara tatu. Hesabu imefika miligramu 6,000. Usiku jirani anampa pakiti ya unga wenye ladha ya limau wa kukoroga kwenye maji ya moto, ambao nao mara nyingi huwa na parasetamoli kati ya miligramu 500 na 1,000. Mtu huyu anaamini ametumia dawa tatu tofauti kwa matatizo matatu tofauti, kumbe ametumia dawa moja kwa majina matatu na kupita kiwango kwa mbali. Sumu ya parasetamoli hushambulia ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa anaweza asihisi chochote zaidi ya kichefuchefu, ilhali uharibifu umekwisha kuanza. Aliyezidisha asisubiri kuumwa. Aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa ya kuzuia sumu hiyo hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema.

Kwa hiyo, kati ya kidonge cha mchanganyiko na parasetamoli peke yake, ninachopendekeza kwa watu wengi ni parasetamoli peke yake. Kwa kawaida ndiyo nafuu zaidi kwenye rafu, kipimo chake ni rahisi kukikumbuka, na inaacha nafasi ya kuongeza kitu kingine kwa makusudi. Anayeamua kununua mchanganyiko anaweza kuutumia salama kwa sharti moja: asiongeze dawa nyingine yoyote yenye parasetamoli hadi amalize.

Ibuprofeni ni mbadala mzuri wa maumivu ya paji la uso na mashavu yanayotokana na kuziba kwa sainasi, yale mashimo ya mifupa yanayozunguka pua. Kipimo cha kawaida cha kujinunulia ni miligramu 200 hadi 400 mara tatu kwa siku baada ya kula. Lakini haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo, mwenye pumu inayochochewa na dawa za jamii hiyo, wala mjamzito aliyefikisha wiki ya 20. Pia haifai kwa homa ambayo chanzo chake hakijajulikana katika maeneo yenye homa ya dengue inayoenezwa na mbu, kwa kuwa huongeza hatari ya kuvuja damu. Kwa sababu hizo parasetamoli inabaki chaguo la kwanza.

Dawa za kuzibua pua: hapa tofauti ni kubwa

Ukiondoa maumivu, kinachowasumbua wengi ni pua kuziba, na ni katika eneo hili ambapo maboksi yanayofanana sana kwa nje hutofautiana sana kwa kazi.

Fenilefrini ya kumeza ndiyo iliyomo katika vidonge vingi vya mchanganyiko vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Mwezi Septemba 2023 kamati ya washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipitia ushahidi uliopo na wajumbe wake wote wakakubaliana kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa vipimo vinavyouzwa, haizibui pua kuliko kidonge kisicho na dawa. Mwezi Novemba 2024 mamlaka hiyo ikapendekeza kuiondoa kwenye orodha ya viambata vinavyoruhusiwa kwa kazi hiyo katika dawa zisizohitaji cheti. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kutofanya kazi, wala haikuwa madhara. Kinachotokea ni kwamba sehemu kubwa ya dawa huvunjwavunjwa kwenye utumbo na ini kabla haijaingia kwenye mzunguko wa damu, hivyo kinachofika puani ni kidogo mno. Pendekezo hilo lilizihusu dawa za Marekani, lakini utumbo wa mtu wa Ngarenaro huivunja dawa kwa njia ileile. Mimi nisingelipa shilingi ya ziada kwa ajili ya fenilefrini ya kumeza.

Sudoefedrini ni jambo jingine. Hii huzibua pua kweli, kwa kipimo cha miligramu 60 kila baada ya saa nne hadi sita, isizidi miligramu 240 kwa siku kwa mtu mzima. Imo, kwa mfano, katika Actifed ya asili, ambayo kila kidonge kina miligramu 60 za sudoefedrini pamoja na triprolidini miligramu 2.5 ya kukausha kamasi. Lakini dawa hii ina mambo mawili yanayoizuia kuwa ya kila mtu. La kwanza ni matumizi mabaya: kwa kuwa inaweza kugeuzwa kuwa dawa ya kulevya aina ya methamfetamini, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 uliiweka katika orodha ya kemikali bashirifu, yaani zinazoweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya, na ndiyo maana mfamasia anaweza kukuuliza maswali au kukataa kukuuzia boksi kadhaa kwa wakati mmoja. La pili ni presha. Sudoefedrini hubana mishipa ya damu mwili mzima, si ya puani tu, na mwaka 2024 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walihitimisha kwamba mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, na mwenye ugonjwa mkali wa figo, hatakiwi kuitumia kabisa, baada ya kuonekana visa vichache vya mishipa ya ubongo kubana ghafla. Anayeitumia akipata maumivu makali ya kichwa ya ghafla, kutapika, kuchanganyikiwa au kuona vibaya, aiache mara moja na kwenda hospitali. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye matatizo ya tezi ya shingoni, mwenye presha ya macho na mwanaume mwenye tezi dume iliyovimba waulize kwanza. Na kwa wasio na matatizo hayo, isimezwe jioni, kwa sababu hufukuza usingizi.

Ni muhimu kuongeza kwamba fenilefrini, pamoja na udhaifu wake puani, nayo hubeba onyo la presha kwenye kikaratasi chake. Mwenye presha anayemeza kidonge cha mchanganyiko kila siku bila kukisoma hana faida ya maana anayoipata, na onyo anabaki nalo.

Dawa ya tatu ni ya matone au ya kupuliza puani: oksimetazolini, na zailometazolini inayojulikana zaidi kwa jina la Otrivin. Hizi hufanya kazi ndani ya dakika chache, hudumu saa nyingi, na kwa kuwa hutumika mahali penyewe, kinachosambaa mwilini ni kidogo, ingawa mwenye presha kali bado anapaswa kuuliza. Kwa pua iliyoziba kiasi cha kumzuia mtu kulala, ningeichagua hii kabla ya kidonge chochote cha kujinunulia. Sharti lake ni muda. Usivuke siku tatu hadi tano. Ukivuka, utando wa pua huzoea, na kila dawa inapoisha nguvu pua huziba zaidi ya mwanzo, mtu anaongeza matone, na mduara huo unaweza kuendelea kwa miezi. Anayesema "pua yangu haifunguki bila matone" mara nyingi haumwi mafua tena. Anaumwa matone yenyewe.

Kwenye rafu hiyohiyo huwa kuna chupa ndogo zinazofanana na hizo lakini ndani yake ni maji ya chumvi tu. Hayo hayana kikomo cha siku, yanafaa kwa watoto wachanga na wajawazito, na husaidia kulegeza kamasi zito. Mtu anaweza kuyatengeneza nyumbani kwa kuyeyusha chumvi nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bombani yasiyochemshwa yasiingizwe puani. Soma chupa kabla ya kulipa, kwa sababu kuchanganya hizi mbili ni rahisi, na kumwekea mtoto mchanga matone ya zailometazolini ya mtu mzima ni hatari.

Vidonge vya kukausha kamasi na suala la usingizi

Klorofenamini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Piriton, na setirizini mara nyingi huuzwa kana kwamba ni kitu kimoja. Zote huzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta dalili za mzio, lakini kwa mafua hazilingani. Kamasi la mafua halitokani hasa na histamini, hivyo setirizini na loratadini, ambazo ni dawa nzuri sana za mzio, husaidia kidogo mno. Klorofenamini hukausha kamasi kiasi kwa sababu ina tabia nyingine ya pembeni ya kukausha majimaji, na tabia hiyohiyo ndiyo inayokausha mdomo, kufunga choo na kuufanya mkojo utoke kwa shida kwa wazee wenye tezi dume.

Tofauti nyingine ni usingizi. Klorofenamini miligramu 4 inaweza kumlaza mtu, na hata aliyebaki macho huwa mzito wa kuamua. Dereva wa bodaboda, dereva wa gari la watalii anayeanza safari ya Ngorongoro alfajiri, fundi anayepanda jukwaa la ujenzi, wote hao wasiimeze kabla ya kazi, iwe imekuja kwa jina lake au imejificha ndani ya kidonge cha mchanganyiko. Pombe huongeza usingizi huo, na mbege ni pombe. Kwa anayelala nyumbani na kusumbuliwa na kamasi jepesi usiku kucha, kidonge kimoja cha klorofenamini wakati wa kulala ni chaguo linaloeleweka. Asikiongeze juu ya kidonge cha mchanganyiko ambacho tayari kinayo.

Boksi la "mchana na usiku" linafaa kuelezwa hapa. Kwa kawaida vidonge vya mchana huwa na parasetamoli, fenilefrini na pengine kafeini, na vya usiku hubadilishiwa kimoja au viwili kuwa dawa ya usingizi kama klorofenamini au difenhidramini. Mtu anaweza kujitengenezea pakiti hiyo mwenyewe kwa kununua parasetamoli na klorofenamini kando kando, akaacha fenilefrini dukani.

Kabla hujaamua kwamba ni mafua, jitazame. Kama macho na pua vinawasha, unapiga chafya mfululizo kila vumbi linapotimka, huna homa, na hali imedumu wiki kadhaa wakati wa kiangazi, huo huenda ni mzio. Hapo mpangilio unageuka: setirizini miligramu 10 au loratadini miligramu 10 mara moja kwa siku ndiyo ya kuchagua, na hali ikiwa sugu daktari anaweza kuandika dawa ya kupuliza puani ya jamii ya steroidi.

Dawa zilizoachwa na wageni

Katika miji yetu hii miwili kuna chanzo kingine cha dawa. Wageni wanaoshuka Kilimanjaro au kurudi kutoka Serengeti huwaachia waongozaji na wapagazi mabaki ya dawa zao, na dawa hizo huzunguka mitaani kwa sifa kwamba za nje ni kali zaidi. Nyingi ni zilezile za hapa. Tylenol ni parasetamoli. Wamarekani huandika acetaminophen kwenye boksi, na ni dawa moja. Advil ni ibuprofeni miligramu 200. Kapsuli za DayQuil zina parasetamoli miligramu 325, fenilefrini miligramu 5 na dekstromethofani miligramu 10 ya kikohozi. Za NyQuil zina parasetamoli miligramu 325, dekstromethofani miligramu 15 na doksilamini miligramu 6.25, ambayo huleta usingizi mzito. Mpagazi anayemeza Tylenol mbili za miligramu 500 kisha Panadol mbili anarudia kipimo kilekile mara mbili.

Sudafed inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa jina moja hubeba dawa mbili. Sudafed ya kawaida ya Marekani ni sudoefedrini, na iliyoandikwa Sudafed PE ni fenilefrini. Ya pili ilienea huko baada ya sheria ya mwaka 2006 kuihamishia sudoefedrini nyuma ya kaunta. Herufi mbili ndogo ndizo zinazotenganisha dawa inayofanya kazi na isiyofanya. Na kwa walio mlimani lisisahaulike hili: maumivu ya kichwa yenye kichefuchefu juu ya mita 2,500 yanaweza kuwa ugonjwa wa mwinuko, na dawa ya usingizi huko juu huweza kudhoofisha upumuaji. Mwambie kiongozi wa msafara kabla ya kumeza chochote.

Watoto, wajawazito na wazee

Kwa watoto sina ulinganisho mrefu, kwa sababu jibu ni fupi: dawa za mchanganyiko za mafua na kikohozi si zao. Uingereza tangu mwaka 2009 imezuia nyingi ya dawa hizo kwa walio chini ya miaka 6. India, ambako dawa nyingi za madukani kwetu hutengenezwa, mwezi Desemba 2023 iliamuru mchanganyiko wa klorofenamini miligramu 2 na fenilefrini miligramu 5 uandikwe onyo kwamba usitumike kwa mtoto chini ya miaka 4. Mtoto apewe parasetamoli ya maji kwa uzito wake, kwa kipimo kinachokuja na chupa na si kijiko cha jikoni, maji ya chumvi puani, na asali kwa kikohozi kama amevuka mwaka mmoja. Chini ya mwaka asali ni marufuku. Aspirini isitolewe kwa aliye chini ya miaka 16. Mtoto anayepumua haraka, ambaye kifua kinaingia ndani anapovuta hewa, au anayeshindwa kunyonya, hahitaji dawa ya dukani. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mjamzito mwenye mafua atosheke na parasetamoli kwa kiasi kidogo kinachomtuliza, na maji ya chumvi puani. Sudoefedrini aiache, hasa miezi mitatu ya kwanza. Mzee anayetumia dawa za presha aende dukani na orodha ya dawa zake au na maboksi yenyewe mkononi, maana muuzaji hawezi kukisia kilichoko kabatini kwake.

Dukani

Badala ya kuomba "dawa ya mafua", taja kero moja au mbili zinazokusumbua zaidi, taja dawa unazotumia, kisha uliza: "Hii ina nini ndani?" Mfamasia wa famasi au mtoa dawa wa duka la dawa muhimu aliyesomea kazi yake atageuza boksi na kukusomea. Angalia tarehe ya kuisha muda na namba ya usajili ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ukipewa vidonge vya kuhesabu kutoka kwenye kopo, omba jina la kiambata na miligramu zake viandikwe kwenye kibahasha pamoja na ile "2×3", kwa sababu bila hivyo wewe wala daktari wa hospitali ya Mawenzi au Mount Meru hamtajua kesho ulichomeza leo.

Usikubali kuongezewa amoksisilini au azithromaisini "ili mafua yasishuke kifuani". Hizo ni za bakteria, mafua ni ya virusi, na kuzimeza bila sababu hujenga usugu. Hata sainasi zinazouma huwa mara nyingi ni virusi. Dalili za kumwona daktari ni hizi: pua kuziba na uso kuuma kumevuka siku kumi bila nafuu, au ulipata nafuu kisha hali ikarudi kwa ukali, au una homa kali yenye maumivu makali ya upande mmoja wa uso, au jicho limevimba. Homa yoyote ya mtu aliyetoka maeneo ya chini yenye mbu ipimwe malaria kwanza kabla haijaitwa mafua. Na kikohozi kilichofikisha wiki mbili hakilinganishwi tena na maboksi ya dukani. Kipimwe kifua kikuu, kipimo ambacho hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.